Mablanketi Kumi na Moja

Daniela Maldonado alisoma vitabu ishirini kati ya Krismasi na Pasaka, na kwa kusoma huko shule ikampa tiketi ya bure ya kutazama mbio za magari. Ana miaka minane. Jumamosi, jua likiwa bado halijazama, gurudumu la mbele la gari namba ishirini na saba lilichomoka kwenye kona ya tatu, likadunda mara moja juu ya ukuta, likapita kwenye uzio kana kwamba hapakuwa na uzio, likamkuta mtoto amekaa. Leo Jumatano alikuwa hospitali, hajafumbua macho.

Sajini Nadine Teague wa ofisi ya sherifu alisimama mahali palepale alipokaa mtoto, akautazama uzio. Ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote kilichobaki kwenye uwanja ule. Wavu ulikuwa mpya, na nyaya nne nene za chuma zilipita mbele yake toka nguzo hadi nguzo, zikimeta.

"Uliutengeneza lini?" aliuliza.

"Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa," alisema Lonnie Scruggs, mwenye uwanja. Alikuwa na ufagio mkononi. Siku hizi alifagia majukwaa mwenyewe.

"Kabla sijaja kuupiga picha."

"Sasa ningeuacha na tundu, Bibi Nadine? Aumie mwingine? Ningeuacha leo ungekuwa unaniuliza mbona niliuacha."

Nadine aligusa waya wa juu kwa kidole. Naibu wake, Curtis Bost, Jumamosi ile alipiga picha ya gari, akapiga picha ya gurudumu, akapiga picha ya damu kwenye mbao. Uzio hakuupiga. Alipoulizwa alisema uzio ulikuwa umeshachanika, alidhani hauna la kusema.

"Kabla gurudumu halijapita, kulikuwa na nyaya ngapi hapa?"

"Nne. Tangu enzi za marehemu baba ni nne."

"Mama wa mtoto anasema zilikuwa mbili. Anasema mtoto alipitisha kichwa katikati, akamkemea."

Lonnie akaegemeza ufagio. "Mama wa mtoto namwonea huruma, Mungu anajua. Lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga hapa. Anajua nini kuhusu nyaya? Nimekupa majina kumi na moja ya watu waliokaa jukwaa hili hili, wengine tangu huyo mama hajazaliwa. Wote wameweka sahihi. Nyaya nne."

Ni kweli waliweka. Na Lonnie alikuwa na picha pia, aliyoipiga Jumamosi hiyo alasiri kutoka mnara wa waamuzi. Ilionyesha jukwaa la kona ya tatu limefunikwa na mablanketi safu kwa safu, ya maua, ya mistari, ya rangi za timu, na kila moja limeshonewa jina la ukoo pembeni: Eudy, Furr, Barbee, Lowder, mpaka yakafika kumi na moja. Lango la Scruggs hufunguliwa saa sita mchana ya Jumamosi. Mtu huja, hutandika blanketi pale alipokaa baba yake, huenda nyumbani kula, hurudi jioni, na hulikuta lilivyo. Katika kaunti ile mtu anaweza kukuchukulia mke, lakini blanketi lako la mbio hataligusa.

"Jumamosi hii mnafungua?" aliuliza Nadine.

"Tunafungua. Watoto wote waliosoma vitabu wana tiketi. Mia moja na arobaini."

"Watakaa wapi?"

"Hapa."

"Jukwaa la mbele lina nafasi tele, Bwana Scruggs. Waweke kule."

"Kamera itakuwa inatazama huku. Kuna bwana anakuja toka televisheni, akiona pamejaa atatuweka kwenye ratiba ya mwakani." Lonnie alisema hivyo bila kuona haya, kama mtu anayeeleza mvua. "Wakati wa baba, kona hii ilikuwa inajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Sasa nina jukwaa la watu elfu mbili na ndege ndio wanaokaa. Unataka nifanye nini? Uzio umeuona. Uzio ni mzima."

Leo ulikuwa mzima, hilo lilikuwa kweli. Lakini kilichompeleka Nadine pale hakikuwa uzio wa leo. Uwanja ulikuwa na kona nne, na nyaya hizi mpya zilitoka mahali fulani. Ikiwa Lonnie aliwahi kung'oa nyaya upande mmoja ili azibe upande mwingine, basi hapakuwa na jukwaa lolote pale ambalo mzazi angeweza kumkalisha mwanawe na kunywa soda yake kwa amani. Ilihitajika amri ya kuufunga uwanja mzima ukaguliwe nguzo kwa nguzo. Na amri haikupatikana kwa neno la mama mmoja.

*

Mwendesha mashtaka wa kaunti alimsikiliza akiwa amesimama, koti begani, anakwenda chakula cha mchana.

"Kumi na mmoja dhidi ya mmoja, Nadine. Na huyo mmoja ana uchungu wa mtoto."

"Mwenye uchungu anaweza pia kuona."

"Anaweza. Lakini jaji atauliza kwa nini watu kumi na mmoja wa makanisa manne tofauti wadanganye kitu kimoja. Una jibu?"

"Bado."

"Mimi ninachokiona ni gurudumu lililofungwa vibaya na kijana wa miaka ishirini. Travis Honeycutt atashtakiwa kwa uzembe, basi."

"Magurudumu huchomoka kila mwaka. Ndiyo maana wanaweka uzio."

"Niletee hata mmoja kati ya hao kumi na mmoja aliyebadilisha maneno," alisema mwendesha mashtaka. "Hadi Ijumaa saa tisa. Baada ya hapo naenda kuvua samaki na wanangu."

Basi Nadine akaanza kuzunguka. Bibi Furr alimkaribisha, akampa chai baridi yenye sukari, na alipoulizwa kama kweli alikuwepo Jumamosi alimnyang'anya glasi kabla haijaisha. "Unaniuliza mimi kama naenda mbio? Babu yangu alimwaga lami ile kwa mikono yake." Bwana Barbee alizungumza naye kupitia wavu wa mlango, mlango hakuufungua. Bwana Lowder alisema gurudumu lilipita kushoto kwake. Bibi Furr alikuwa amesema lilipita kulia kwake, na kwa mujibu wa mablanketi wale wawili walikaa bega kwa bega, mtoto akiwa safu mbili mbele yao. Nadine alimwambia hivyo Bwana Lowder. Bwana Lowder alisema Bibi Furr tangu utoto hajui kulia wala kushoto.

"Mtoto alikuwa amevaa nini?" Nadine aliuliza.

"Nguo," alisema Bwana Lowder, akafunga mlango.

Saa kumi alirudi ofisini, kichwa kinamgonga. Aliwaza kwamba Lonnie amewanunua wote, kisha akaliacha wazo hilo. Lonnie hakuwa na uwezo wa kumnunulia mtu hata kikombe cha kahawa. Akawaza kwamba wanamwogopa, akaliacha na hilo pia. Nani amwogope mtu mwenye ufagio?

"Lete maelezo yote," alimwambia Curtis. "Ya kona ya tatu na ya jukwaa la mbele."

"Ya mbele ulishayasoma, bosi. Hawakuona kitu, walikuwa mbali."

"Lete."

Curtis alileta marundo mawili. Alikuwa kijana mpole mwenye mwandiko mbaya, aliyemaliza mafunzo mwaka jana, na tangu Jumapili alikuwa anatembea kando ya kuta kwa ajili ya ile picha ya uzio. Rundo la jukwaa la mbele lilikuwa na watu thelathini na wanane. Nadine alianza kusoma, na kila karatasi ilikuwa na mstari uliokatwa kwa wino pale juu.

"Hivi ulikuwa unakata nini hapa?"

"Wewe ndiye uliniambia nikate."

"Mimi?"

"Jumapili. Ulisema, Curtis, niandikie walichoona, usiniandikie ushirikina."

Nadine aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akasoma chini ya wino. *Mtu anapaka gari kijani halafu anategemea nini.* Akachukua nyingine. *Nilimwambia mume wangu, lile la kijani halitamaliza mizunguko kumi.* Nyingine: *Kijani. Sina la kuongeza.*

Alikumbuka sasa. Alikuwa amechoka, mtoto ndiyo kwanza ameingizwa chumba cha upasuaji, na kila mtu aliyemuuliza alianza na rangi. Mwenye umri wa miaka sitini, mwenye miaka thelathini, wote. Katika kaunti ile hakuna dereva anayepaka gari lake kijani, kama vile hakuna anayekula karanga karibu na gari siku ya mbio. Travis Honeycutt alilipaka Alhamisi, kwa sababu duka la mbegu lilimpa matairi kwa sharti hilo, na Jumamosi ndiyo siku ya kwanza gari kuonekana. Mambo ya nuksi yalimchosha Nadine tangu utotoni. Aliamuru yafutwe.

"Wangapi walisema kijani?"

Curtis alihesabu akilamba kidole. "Thelathini na wanane."

"Wote."

"Wote. Kuna mmoja alisema mara mbili."

Nadine akavuta rundo la pili, lile la watu kumi na mmoja. Karatasi zilikuwa safi. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliokatwa. Alisoma zote polepole, akiweka kidole chini ya kila mstari kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kisha akamsukumia Curtis.

"Nitafutie kijani humo."

Curtis alisoma. Masikio yalianza kumwiva. "Hamna. Kuna... hapa Mzee Eudy amesema gari jekundu la Honeycutt. Na Bibi Furr, lile jekundu. Lilikuwa jekundu mpaka wiki iliyopita, bosi. La babu yake lilikuwa jekundu. Watu wamelizoea."

"Wale thelathini na wanane hawakulizoea?"

Curtis aliirudisha karatasi mezani.

"Mtu wa hapa," alisema Nadine, "anakaa hatua kumi toka kona. Gari la kijani linakuja, linavunjika mbele ya macho yake, linamuumiza mtoto. Unamuuliza aliona nini. Ndio hakumbuki rangi?"

"Hawakuwepo," alisema Curtis.

"Hawakuwepo. Hakuna hata mmoja. Niambie uliwauliza vipi, neno kwa neno."

"Nilibisha hodi. Nikasema shikamoo. Nikasema, Jumamosi mlikuwa pale kwenye nafasi yenu, sivyo?"

"Sivyo."

"Ndivyo nilivyosema. Sivyo."

Nadine alifumba macho akahesabu mpaka tano. "Na majina Lonnie alikupaje? Alikuandikia?"

"Alinisomea. Alikuwa anapanda ngazi za jukwaa, ananitajia moja moja, mimi naandika." Curtis aliishia hapo, mdomo wazi kidogo. Naye sasa alikuwa ameona alichokuwa anasomewa.

Alikuwa anasomewa mablanketi.

*

Alhamisi asubuhi Nadine alimchagua Harlan Eudy, kwa sababu maelezo yake ndiyo yaliyokuwa mabaya kuliko yote. Wengine walisema tu nyaya zilikuwa nne. Mzee Eudy alisema aliweka kiwiko juu ya waya wa pili, na maelezo ya aina hiyo majaji huyapenda.

Alimkuta jikoni, nusu ya mwili iko ndani ya kabati la chini ya sinki, miguu nje.

"Mlango uko wazi, Mzee Harlan."

"Basi umeingia. Nani?"

"Nadine Teague."

"Binti wa Dorsey?"

"Ndiyo."

"Nipe spana kubwa. Sio hiyo. Ee, hiyo."

Nadine alikaa sakafuni ili aione sura yake, lakini alichokiona ni kidevu tu. "Mzee, nimekuja kwa ajili ya Jumamosi. Ulisema uliweka kiwiko juu ya waya wa pili."

"Niliweka."

"Kiwiko gani?"

"Cha kulia. Cha kushoto nilishika kikombe." Bomba lililia. "Waya wa pili unakuja usawa wa kiwiko changu sawasawa. Utadhani walinipima."

"Na gari la Honeycutt uliliona likija?"

"Niliwaambia. Jekundu, namba ishirini na saba."

"Jekundu?"

Spana ilisimama. Maji yakadondoka mara kadhaa kwenye ndoo.

"Nimesikia tangu siku ile," alisema. "Duka la mbegu. Babu yake angemchapa."

"Umesikia tangu siku ile. Jumapili ulikuwa bado hujasikia."

"Jumapili nilichanganya."

"Mzee, toka huko chini."

"Nina kazi."

"Wewe ulimkataza baba yangu asipande gari kwa sababu alikuwa na koti la kijani. Mama alinihadithia mara mia. Ulimvua koti mbele ya watu, baridi ya Machi. Leo uniambie ulikaa hatua kumi toka kwenye gari la kijani ukachanganya?"

Harlan Eudy alitoka, polepole, mguu mmoja haukunjiki vizuri. Alikaa ameegemea kabati, mikono myeusi kwa uchafu wa bomba. Alikuwa na miaka sabini na mitatu na aliangalia sakafu kama mtu aliyevunja kitu cha mwenzake.

"Lini mara ya mwisho?" aliuliza Nadine.

"Mwaka aliofariki Lurleen. Sita sasa. Kwanza ilikuwa nyonga, zile ngazi. Halafu ilikuwa ni mto wake wa kukalia, ulikuwa bado kwenye gari, kila nikiwasha gari nauona. Nikamwambia Lonnie nitapumzika kidogo. Akasema acha blanketi kwangu, nitakutandikia, ukija utalikuta." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Kila Jumamosi analitandika. Nitamwambiaje siendi tena?"

"Na Curtis alipokuja?"

"Alisema ulikuwa pale kwenye nafasi yako, sivyo. Kijana kasimama mlangoni na kofia mkononi. Nikaona nikisema sikuwepo, itajulikana kaunti nzima kwamba Harlan Eudy ndiye aliyemwacha Lonnie. Wote wapo, mimi peke yangu sipo. Nikasema ndiyo. Halafu akauliza nyaya. Nyaya nazijua, Nadine. Nimeziegemea miaka arobaini. Zilikuwa nne."

"Wote wapo," alirudia Nadine.

"Akina Furr. Barbee. Lowder hakosi hata akiwa na homa."

Nadine alitoa zile karatasi kumi na moja, akazitandaza sakafuni mbele yake, moja moja, kama anayegawa karata. "Tafuta kijani."

Mzee alivaa miwani. Alisoma kwa muda mrefu. Alipofika ya Lowder aliirudia. Nadine hakumsaidia. Nje gari la taka lilipita, likasimama, likaondoka.

"Hakuna hata mmoja?" alisema Harlan mwishowe.

"Hakuna."

"Kwa hiyo pale palikuwa na nani?"

"Palikuwa na Reina Maldonado, anafanya kazi kiwanda cha kuku, na binti yake. Walipewa tiketi, wakaambiwa wakae kona ya tatu. Wakakaa katikati ya mablanketi yenu. Yule mama ananiambia aliyaona, akajua pana watu, akajua ni mahali salama kwa sababu wenyeji ndipo wanapokaa." Nadine alisimama, akajifuta magoti. "Na nyaya zilikuwa mbili. Huyo mama ndiye pekee aliyekuwepo kuzihesabu, na watu kumi na mmoja wasiokuwepo wamemfanya mwongo. Jumamosi watakaa pale watoto mia moja na arobaini."

Harlan alivua miwani. Hakulia wala hakujitetea.

"Ukiwa nyumbani unafikiri wenzako wote wameenda," alisema. "Unasikia injini kutoka huku, unasema, aa, wako pale, mmoja nikikosa si kitu."

"Nahitaji uandike hukuwepo."

"Utaisoma mbele ya watu?"

"Jaji ataisoma."

"Na jina?"

"Jina ndilo ninalolihitaji, mzee. Karatasi zisizo na jina ninazo nyingi."

Aliandika kwenye meza ya jikoni, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini ikachoreka. Alisimama mara mbili. Mara ya pili alisema, "Ingekuwa rahisi kuandika nimeiba." Kisha akamaliza, akaweka sahihi.

*

Ijumaa saa nane na nusu mwendesha mashtaka aliisoma, akavua koti begani. Jaji alitia sahihi amri saa kumi. Fundi wa kaunti alipitisha muda wa saa mbili uwanjani jioni hiyo, na alichokisema kwenye simu kilikuwa kifupi: nyaya zile nne za kona ya tatu, mbili zilitoka kona ya kwanza, kwenye jukwaa la mbele, na kona ya kwanza sasa ilikuwa na wavu mtupu uliofungwa kwa waya mwembamba wa banda la kuku. Lonnie alipoulizwa alisema alizihamisha mwezi wa tatu kwenda mbele, halafu Jumapili akazihamisha kuja nyuma. Alisema zilikuwa zinawafuata watu. Alidhani hilo ni jambo la busara.

Wewe unayesoma haya na una mtoto, ukipewa tiketi ya bure, kabla hujakaa tazama kilicho mbele ya uso wake. Usitazame wenzako. Huenda wenzako ni mablanketi.

Jumamosi saa sita kasoro Nadine alisimama mbele ya lango lililofungwa mnyororo na karatasi ya jaji, na alichokiona hakukitegemea. Magari yalikuwa yamepangana toka langoni hadi kwenye daraja, na nyuma ya daraja mengine. Watu walikuwa wanashuka. Redio ya asubuhi ilikuwa imesema uwanja wa Scruggs umefungwa, na kaunti nzima ilikuwa imekuja kuuliza kwa nini. Walikuja na mablanketi. Yale kumi na moja yenye majina yalikuwa kwenye stoo ya ushahidi, kwa hiyo wenyewe walileta ya vitandani, la watoto lenye vipepeo, shuka, kitambaa cha meza.

Katikati yao walikuwa watoto, wengi, kila mmoja na tiketi yake mkononi.

Lonnie Scruggs alisimama upande wa ndani wa lango, vidole kwenye wavu. Alikuwa anawatazama watu wale kama mtu mwenye njaa anayeangalia chakula kupitia dirisha. Hakuwa amewaona kwa pamoja kwa miaka tisa.

"Umeua uwanja, Nadine," alisema Bwana Lowder. "Familia yangu imekaa pale miaka hamsini."

"Ulikuwepo Jumamosi iliyopita, Bwana Lowder?"

"Nimeshaweka sahihi."

"Sikuulizi sahihi."

"Binti wa Dorsey," alisema Bibi Furr, "mama yako angeona aibu."

Wengine wakaunga mkono. Mtu mmoja alisukuma lango, mnyororo ukalia. Curtis alisogea karibu na bosi wake, mkono kwenye mkanda, hajui aushike au auache. Simu ya Nadine ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa Reina, toka hospitali.

"Wameingia?" aliuliza Reina. Nyuma yake mashine ililia taratibu.

"Hakuna aliyeingia."

"Watoto wote?"

"Nawaona toka hapa nilipo. Wote wako nje. Daniela je?"

"Amelala hivyo hivyo," alisema Reina, na akakata.

Nadine alipoinua macho, watu walikuwa wanampisha mtu. Harlan Eudy alipita katikati yao akivuta mguu, blanketi la kijivu la jeshi begani. Hakuna aliyemsalimia. Habari za karatasi yake zilikuwa zimeshazunguka. Bwana Lowder alimgeuzia mgongo. Mzee hakumtazama. Alifika kwenye lango, akalitandika blanketi chini ya mnyororo, kwenye changarawe, akalinyoosha pembe zote nne kwa makini. Kisha akaanza kukaa. Ilimchukua muda, na hakuna aliyempa mkono isipokuwa Curtis.

Akaegemeza mgongo kwenye lango, uso kwa watu.

"Nadine," alisema. "Una kalamu?"

"Ninayo."

"Leo nipo. Na hilo liandike."